Waliokuja Kutembea Tu

Namshukuru Mola wangu, Mlinzi asiyepangiwa zamu na asiyehitaji mwenzake wa kumpokea, aliyenisitiri mara nyingi nilipostahiki kuumbuka, na mara moja moja akaniacha niumbuke kidogo ili nipate akili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyekuwa mkarimu wa wageni, na ziwafikie jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, nitasimulia aibu yangu mwenyewe, na namuomba msomaji akicheka acheke kwa huruma.

Nimesomesha Qur-ani chuoni kwa miaka mingi katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa kisiwa chetu, kilicho baina ya Konde na Tumbe. Watu huniita Maalim. Nina sauti kubwa kuliko elimu yangu, na hilo ndilo lililoniponza.

Msimu mmoja wa karafuu, wakati simu za mkononi zilikuwa bado chache kwetu, wizi ulituingilia. Jirani yetu mmoja, mjane, alikwenda msibani mchana akaacha karafuu zake juani uani kwake, juu ya majamvi mawili. Aliporudi alikuta uwanja mtupu. Hata majamvi yalikuwa yamekwenda. Alikaa chini pale pale akawa anaokota chembe moja moja zilizobakia kwenye mchanga, na sisi tuliofuatana naye kutoka msibani tukasimama kumtazama. Sitaki msomaji asahau picha hiyo nitakapoanza kujicheka. Kitu tulichokuwa tunakiogopa kilikuwa cha kweli.

Sheha, msimamizi wa serikali kijijini kwetu, akaita mkutano kwenye uwanja wa skuli. Akaja na askari mmoja mpole, aliyetueleza kwamba polisi peke yao hawawezi kuijua kila njia ya mikarafuuni, na kwamba ulinzi wa kwanza ni wa wenyeji wenyewe. Sheha akasema shehia inahitaji kamati ya ulinzi, na kamati inahitaji msemaji anayesikilizwa. Watu wote wakaniangalia mimi. Nilisema sistahiki, lakini nilisema kwa namna ya mtu anayetaka kubishiwa. Wakanibishia.

Nilipelekwa semina Wete kwa siku mbili. Nikarudi na daftari, firimbi, na kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari inayong'aa. Nilishuka Konde nimekivaa kizibao changu mchana kweupe, na muuza samaki mmoja akanisimamisha akaniuliza barabara ya Tumbe itaanza kutengenezwa lini. Mke wangu aliponiona mlangoni alitaka kujua kama wezi nao wamepewa chao.

Masomo yenyewe yalikuwa mazuri, na mpaka leo nayaunga mkono. Tulifundishwa kwamba mwizi huja kwanza kupima. Huuliza nyumba ina watu wangapi, nani hutoka na saa ngapi, mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Mara nyingi huja wawili, hawana mzigo, hawauzi kitu. Ukiwauliza walichokuja kufanya, hawana jibu la kushika. Tukaambiwa tuwafundishe watoto wasimwambie mgeni kwamba mzee hayupo, tusiache mali nje bila ya mtu, na mtu akipiga hodi tumuulize kwanza ni nani.

Hili la hodi lilikuwa zito. Sisi mtu akipiga hodi, neno "karibu" humtoka mwenye nyumba kabla hajajua kama aliyebisha ni binaadamu. Niliwafanyisha watu mazoezi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikipiga hodi, na bibi mmoja mtu mzima, baada ya kukosea mara tatu, akaniambia kwamba kama nimekuja kula niingie, na kama sikuja kula niende zangu, muhogo wake unaungua. Chuoni niliwasomesha watoto jibu la kumpa mgeni: baba yumo ndani, amelala. Walilihifadhi vizuri kuliko sura yoyote niliyowahi kuwasomesha. Nilipomtembelea mzee mmoja, mjukuu wake alisimama mlangoni akaniambia babu yumo ndani amelala, na huku babu mwenyewe yuko nyuma yake anavaa viatu.

Wakati ule nilijiona nimefanikiwa. Na mtu akishajiona amefanikiwa huanza kuongeza. Nilitangaza, kwa sauti yangu hii, kwamba mgeni asiyesema amekuja kwa nani asipewe hata maji mpaka kamati iridhike naye. Hilo la maji halikuwamo katika semina. Nililitia mwenyewe, kama mpishi anayeonja mchuzi mzuri akahisi chumvi haikutosha. Kisha nikasema kwamba mgeni akiulizwa shida yake akajibu "natembea tu", basi huyo ndiye, apigiwe chuma. Tulikuwa na rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mfenesi, na ikigongwa kila mtu afunge mlango wake.

Walioishi miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi watafahamu kwa nini amri hiyo ilipokelewa upesi. Tulipokuwa vijana tulijifunza kunyamaza mbele ya mtu tusiyemjua, asije akawa mpelelezi, na wala hatukuhitaji semina.

Sasa nimtaje binti yangu, maana hatari yote ilimwangukia yeye. Aliolewa mapema, akakaa miaka saba bila ya kujaaliwa mtoto, akapewa talaka yake akarudi nyumbani na cherehani. Alikaa eda, akaimaliza, na baada ya hapo ikapita miaka minne hakuna aliyepiga hodi kwa ajili yake. Hakulalamika. Alifungua darasa la kushona katika chumba cha mbele cha nyumba ya jirani, akafundisha wanawake. Lakini mama yake alikuwa akimuombea kila baada ya sala, na mimi nikiitikia amin, na kila msimu ukipita amin yangu ilikuwa inapungua sauti. Alikuwa amefika umri ambao watu wa kwetu huacha kuuliza. Mlango wa namna hiyo ukigongwa mara moja, huwezi kuhesabu kwamba utagongwa mara ya pili.

Siku moja asubuhi, msimu bado haujesha, mwenye duka alikuja mbio. Alikuwa mwanakamati wangu hodari, na ndiye mwenye nakala ya fomu ya maswali ya wageni niliyorudi nayo kutoka semina.

"Maalim, wamekuja," alisema.

Alinisomea alichokiandika. Mwanamke mtu mzima na mwanamme, wameshuka kwenye gari ya Konde. Hawana mzigo. Hawauzi kitu. Wameuliza nyumba ya Maalim ni ipi. Wameuliza ndani wanakaa watu wangapi. Wameuliza yule binti wa nyumba ile hutoka saa ngapi na hurudi saa ngapi, na hukaa vipi na majirani. Mwisho wameuliza kama Maalim mwenyewe ni mkali.

"Ukawajibu nini?"

"Nimewaambia mkali sana."

Jibu hilo lilinifurahisha. Msomaji nadhani ameshafahamu wageni wale walikuwa nani. Kijiji kizima kingeweza kufahamu, kama nisingekuwa nimekisomesha wiki sita kisifahamu. Mimi nilivaa kizibao nikaenda kugonga chuma kwa mkono wangu.

Milango ilifungwa kwa utiifu ambao sijawahi kuupata msikitini. Niliwakuta wageni njiani, wametoka kuomba maji nyumba tatu na nyumba zote tatu zimewanyima. Nikawachukua mpaka barazani kwa sheha, na mimi nikabaki nimesimama mbele yao na daftari langu. Sheha, ambaye ni mtu asiyependa makelele, alikaa pembeni akishughulika na kifungo cha kanzu yake.

Yule mwanamke alikuwa wa makamo, buibui lake safi, amekaa wima. Jua lilikuwa limeshafika barazani na lilikuwa linampiga usoni. Mwanamme alikuwa ndugu yake. Niliwauliza wametoka wapi, wakasema Chokocho. Nikashangaa, maana Chokocho ni kusini kabisa, na kutoka huko mpaka kwetu ni kukivuka kisiwa kizima. Nikauliza wamekuja kwa nani. Ndugu yake akamtazama dada yake, na dada yake akatazama chini.

"Tumekuja kutembea tu," alisema yule mwanamke.

Mwenyezi Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimtazama mwenye duka, naye akanitazama, kama watu waliovua samaki mkubwa. Nikauliza kwa sauti, ili na waliokuwa nyuma ya madirisha wasikie, kwetu kuna nini cha kutembelewa na mtu wa Chokocho.

"Maalim," alisema yule ndugu taratibu, "mambo mengine hayasemwi barazani."

Nililiandika neno hilo daftarini nikalipigia mstari.

Hapo ndipo binti yangu alipokuja. Wanawake wenzake walikuwa wamejifungia ndani. Yeye alisikia chuma akatoka, futi ya kupimia nguo iko shingoni. Alimwona yule mama juani.

"Baba, huyu mama kapewa maji?"

Nilimwambia hajapewa, kamati haijaridhika. Alinitazama kama mimi ninavyowatazama wanafunzi wanaosoma huku wanatafuna. Kisha akasema kamati ikisharidhika ataiomba radhi, akenda zake. Alirudi na mkeka na mtungi. Alimwinua yule mama kwa mkono, akamhamishia kivulini, akampa maji, akampa na yule ndugu yake, halafu akakaa karibu na mgeni akimpepea kwa karatasi ya kukatia nguo. Hakumuuliza hata swali moja.

Yule mama alikunywa, akapumua, akamtazama vizuri.

"Huogopi, mwanangu? Wazee wako wanasema sisi wezi."

"Mwizi naye hupata kiu, mama," alisema binti yangu.

Mke wangu alifika wakati huo, amechelewa kwa sababu ya magoti. Alisimama. Alilitazama buibui, akaitazama hina iliyokuwa mkononi mwa mgeni, na nadhani alisikia ile harufu ya udi ambayo mimi niliisikia mwanzo nikaiandika daftarini kuwa ni alama ya kutambulisha.  Aliniita pembeni ya nyumba, pale ninapoitwa nikikosea.

"Maalim, shangazi yako alipokuja kwetu siku zile, kabla hujaniposa, alisema amekuja kufanya nini?"

Nilikumbuka. Nilisema alikuja kumtafuta kuku wake aliyepotea.

"Kuku wa vijiji vitatu mbali. Na mama yangu akamsaidia kumtafuta, mpaka mvunguni mwa kitanda, ili apate kuiona nyumba. Wewe leo mwenzio umempigia chuma."

 Kwa asiyejua desturi yetu nieleze: posa haianzi kwa barua. Huanza kwa mtu mzima wa upande wa mwanamme kwenda kimya kimya kwa majirani wa yule binti, akaulizia tabia yake, malezi yake, maneno ya nyumba yao. Huenda kwa siri ili asiporidhika arudi zake na binti asijue kwamba aliwahi kutazamwa akaachwa. Ni heshima kwake. Ndiyo sababu anayekuja kuuliza hana sababu ya kusema. Anatafuta kuku, au anatembea tu. Mimi nilichukua jibu la waungwana nikaligeuza kuwa alama ya wezi, na nikamlazimisha mama wa watu alitoe mbele ya madirisha yote ya kijiji. Baada ya miaka minne ya dua, kheri ya mwanangu ilikuja kwa gari ya Konde, na mimi nikainyima maji.

Na kubwa zaidi, nisingeweza hata kuomba radhi. Nikisema nimejua walichokuja kufanya, basi siri nimeivunja, na wao wasiporudi binti yangu ameaibika mara mbili. Ilibidi nirudi barazani nikiwa bado mjinga. Katika yote niliyofanya siku ile, hilo ndilo lililokuwa jepesi.

Nilifunga daftari nikatangaza kwamba kamati imeridhika.

"Imeridhika na nini, Maalim?" aliuliza sheha, uso wake mkavu. Baadaye alinikiria kwamba alishafahamu muda mrefu, ila aliogopa kizibao.

"Imeridhika tu," nilisema. Nyuma ya dirisha moja mtu alicheka, akajizuia, akashindwa.

Niliwaomba wageni wabaki wale nasi chakula cha mchana. Wakakubali, na tukala wali kwa mchuzi wa samaki huku kila mmoja anajifanya hajui anachokijua mwenzake. Mimi niliongea peke yangu kuhusu karafuu za kusini, ambazo sikuwa na elimu nazo, na kizibao nilikuwa nimekikunja nikakikalia. Wanawake walikula ndani, kwa hivyo sikujua kilichosemwa huko. Wakati wa kuondoka yule mama alimuaga mke wangu akasema wamefurahi kutembea. Kwangu mimi aliinamisha kichwa tu.

Ikapita wiki, ikapita ya pili.  Siku moja baada ya alasiri nilikwenda kwenye darasa la kushona, wanafunzi wa binti yangu wameshaondoka, nikasimama mlangoni. Nilimwambia kwamba nimemharibia. Sikutaja nini.

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Baba, jirani alipoibiwa wewe ndiye uliyesimama. Hilo sikulaumu. Na hao kama wanamuogopa baba anayelinda nyumba yake, na wabaki kwao. Lakini la maji, Baba, usilifundishe tena."

Akaendelea kushona. Niligundua kwamba alikuwa amejua tangu pale barazani. Alimpa maji yule mama akiwa anajua, au alijua baada ya kumpa, sijamuuliza mpaka leo.

Ijumaa ile baada ya sala nilisimama. Niliwaambia watu kwamba masomo ya ulinzi yabaki: karafuu zisiachwe bila ya mtu, watoto wasitoe khabari za nyumba, mgeni aulizwe, na akitiliwa shaka sheha aambiwe. Lakini nikasema lile la maji lilikuwa langu, si la serikali wala la dini, na nalirudisha. Mgeni apewe maji na kivuli kwanza, kisha aulizwe. Mwenye nia mbaya hawezi kuiba akiwa ameshika kikombe na watu watano wanamtazama. Na mtu akisema anatembea tu, waulizwe wanawake kabla ya chuma kugongwa. Msikiti ulicheka, nami niliwaacha wacheke. Upande wa wanawake nilisikia mpaka yule mjane aliyeibiwa anacheka, na tangu siku ya karafuu zake sikuwa nimemsikia.

Wiki ya tano walikuja wanaume wanne kutoka Chokocho, na barua imefungwa kitambaa. Ilikuwa ya mtoto wa yule mama, mwanamme aliyefiwa na mkewe, ambaye alisikia sifa za binti yangu kwa mwanamke mmoja aliyejifunza kushona kwake. Sikujibu mimi. Nilimpelekea binti yangu mwenyewe, naye akaomba siku tatu za kusali istikhara, Mola amuoneshe la kheri. Zile siku tatu nilisali sana, na kizibao nilimkabidhi mwenye duka akae nacho. Siku ya nne alimwambia mama yake kwamba yuko radhi.

Baada ya harusi mke wangu alimuuliza yule mama kwa nini walirudi, baada ya tuliyowafanyia. Alijibu kwamba majirani humsifu wamtakaye, na safari ile majirani hawakumwambia hata neno. Alichokiona alikiona kwa macho yake: mtoto anayemheshimu baba yake, na hata hivyo akaenda kinyume na amri yake kwa kiu ya mtu asiyemjua.

"Na baba yake je?" mke wangu akauliza.

"Baba yake tutamzoea."

Wanaendelea kunizoea. Nikenda Chokocho kumtazama mwanangu, yule mama huwaita majirani zake na kunitambulisha: huyu ndiye aliyenikamata. Kisha husimulia, na kila mwaka kisa kinakua. Safari ya kwanza nilikuwa na firimbi tu. Mwaka uliofuata nikawa na rungu. Safari hii nimesikia kwamba nilimtia pingu. Majirani hunitazama kwa woga kidogo na hunipisha nipite, na binti yangu huinamia cherehani mabega yakimtikisika. Simsahihishi. Mwanangu anakaa kwake kwa amani, amenenepa, na anaitwa kwa jina zuri mbele za watu. Mtu anayemtunza mwanangu namna hiyo, na anitilie pingu mkononi apendavyo.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mola akuhifadhi na shari ya usiyemjua, na akuhifadhi zaidi na haraka ya nafsi yako mwenyewe. Akupe jirani wa kukulindia mali yako unapokuwa msibani, na mtu wa nyumbani wa kukuita pembeni unapokosea. Na kheri aliyokuandikia ikifika siku ambayo wewe umefunga mlango, aipe subira mpaka uufungue. Amin.